Ufunguo wa Pili

Nshambya, Bukoba
9 Aprili 2024

Mdogo wangu Elieth,

Nilifika salama, na mkungu ulionifungashia umefika salama kuliko mimi. Barua hii inakuja na Ildefons wa gari la maziwa. Najua unacheka, kwamba kaka yako fundi kompyuta anatuma karatasi kwa gari la maziwa. Cheka tu. Bahasha hii ikifunguliwa njiani utaona imechanika. Ujumbe wa simu wanaweza kuusoma watu kumi na usione mchaniko wowote.

Nilipokuwa huko Pasaka mlinikatiza na habari za kuku, sasa nisikilize mpaka mwisho. Ijumaa Kuu, nyinyi mkiwa kanisani, dunia ya kompyuta iliponea chupuchupu. Kuna programu ndogo ya bure iliyomo ndani ya mashine nyingi sana, na ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyekwisha kuchoka. Akatokea msaidizi ambaye mpaka leo hakuna anayejua sura yake. Akasaidia zaidi ya miaka miwili, mpole, mvumilivu, mpaka akaaminiwa na kukabidhiwa kazi. Ndipo akapachika mlango wa nyuma, wa kuingilia kwa siri. Aliyemgundua ni mhandisi mmoja aliyeona kuingia kwenye mashine kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde, Elieth! Watu wengine wangekwenda kunywa chai.

Baba mdogo Karugendo bado amenuna? Alisema siku ile ya Pasaka mbele ya watu kwamba kilichoandikwa kwenye kompyuta ni ushahidi tosha kwa sababu tarehe inaonekana. Ningenyamaza vipi? Nikaandika barua pale pale na kuipa tarehe ya mwaka 1974, wakati mimi mwenyewe sijazaliwa, na uso wake ukawa mrefu. Niombee radhi kwake, lakini amejifunza kitu.

Mwambie Tata ile kibodi niliyompa aipanguse kwa kitambaa kikavu tu. Ilitengenezwa mwaka 1989, ina uzito wa tofali, na chini ya kila kitufe kuna springi ya chuma. Hizi bapa za siku hizi zinakufa baada ya miaka miwili kama zimeagizwa. Ile itatuzika wote, baba na watoto: Tata, mimi na wewe.

Kaka yako,
Johnson


Ijumbi, Muleba
27 Aprili 2024

Kaka Johnson,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa ajili yako na ya pili kwa ajili ya Tata, ambaye alicheka mpaka akakohoa. Aliniuliza yule msaidizi asiye na sura alikamatwa au la. Nikamwambia hujaandika. Akasema, "Miaka miwili ya wema kwa ajili ya mlango mmoja." Halafu akarudi chumbani kuandika.

Ile kibodi yako, kaka, ni balaa. Akianza baada ya chai ya asubuhi, majirani wanadhani mvua ya mawe imepiga bati. Lakini nimeizoea. Nikiwa kibanjani napalilia migomba nikiisikia, najua mzee mzima yupo.

Nilimwuliza anaandika nini siku zote hizi. Akasema ni mambo ya kibanja, nani akae wapi yeye akiondoka, na kwamba yamekwisha ila mwalimu hasahihishi mara moja. Akishamaliza kusoma tena, tutachapa, atasaini mbele ya mchungaji na watu wa ukoo. Sikuuliza zaidi. Nina mwaka wa tisa tangu nirudi kutoka kwenye ile ndoa, na migomba hii yote unayoisifu nimeikata majani mimi. Baba mdogo alipita juzi akaniuliza kama nafikiria kuolewa tena. Alikuwa anauliza huku anaangalia migomba.

Ananisumbua moyo, kaka. Ukija tena usimchokoze.

Elieth


Ijumbi, Muleba
3 Juni 2024

Kaka,

Siku zile nne ulizokaa nasi wodini nilitaka tuzungumze, ukaniambia mambo ya kompyuta hayasemwi mbele za watu wala kwenye simu, niandike. Basi naandika.

Tumerudi nyumbani Jumamosi. Kiharusi kimemchukulia Tata mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno. Anaelewa kila kitu. Anaweza kusema "ee," na "ee" hiyo ndiyo ya ndiyo, ya hapana, na ya uji wa moto. Baba mdogo amekwisha kuliona hilo. Amewaambia wenzake kwamba mtu anayeitikia kila neno hawezi kuulizwa habari ya ardhi.

Mchungaji Rwegasira alikuja kumwombea, nikamweleza. Akasema ipo njia. Yale aliyoyaandika Tata akiwa mzima tuyachape, asomewe neno kwa neno mbele ya mashahidi, wakiwemo wa ukoo. Akikubali kwa kichwa, aweke dole gumba la kushoto. Mchungaji yuko tayari kusimama. Lakini lazima yawe maneno ya Tata mwenyewe. Nikiandika mimi upya, watasema ni yangu, na watakuwa na haki.

Kwa hiyo nahitaji kitu kimoja tu: kompyuta ifunguke. Nikiiwasha inaomba pasiwedi. Wewe ndiye uliyeifunga. Njoo uifungue, au niandikie nifanyeje. Daktari hakunificha, anasema kiharusi cha pili kikija hakitabisha hodi. Bila ile karatasi, siku Tata akizikwa mimi ni mgeni hapa. Unajua ukoo wetu. Binti aliyerudi nyumbani hukaa kwa hisani ya aliye hai.

Ninakusubiri.

Elieth


Nshambya, Bukoba
11 Juni 2024

Elieth,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na sijui nikujibu vipi ili usinichukie.

Niliposimika ile kompyuta mwaka 2021, Tata aliniuliza swali la kialimu: "Nani mwingine ataweza kuifungua?" Nikamjibu, hakuna, hata mimi. Alifurahi sana. Kila kilichomo kimesimbwa, yaani kimevurugwa kiasi kwamba bila nywila yake ni takataka tupu. Nywila aliichagua mwenyewe, maneno sita, na nilimkataza kuiandika mahali popote. Ndivyo usalama ulivyo. Usalama wenye huruma kwa mtu mmoja una huruma kwa mwizi pia. Nimebishana na watu kuhusu jambo hili miaka kumi na tano, kwenye mabaraza ya mtandaoni na kwenye ofisi za watu. Kila serikali na kila kampuni inayotaka ufunguo wa akiba husema ni kwa ajili ya dharura, kwa ajili ya watoto, kwa ajili ya wagonjwa. Siwezi leo kusema nilikuwa namaanisha wengine.

Hata ningekuja, ningekaa mbele ya kioo kama wewe.

Tena nakuonya, usibahatishe. Ukikosea mara kumi inajifuta yenyewe, na hapo hata Tata akipona hatapata kitu. Muuguze. Mazoezi ya mkono yanasaidia. Huenda maneno yakarudi.

Kaka yako,
Johnson


Ijumbi, Muleba
30 Juni 2024

Kaka,

Maneno hayajarudi.

Jumatano nilimkalisha kitini, nikaweka kompyuta mezani na ile kibodi mapajani mwake, maana mezani hafiki. Nilidhani hatajua la kufanya. Kumbe alijua. Unakumbuka alivyojifunza kupiga chapa chuo cha ualimu, vidole vyote kumi, macho ukutani? Mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe ukakaa mahali pake. Ukaanza. Ta, ta. Kisha ukasimama ukingoja. Kisha ta. Kisha ukangoja tena, mara mbili. Nikaelewa kwamba unaungojea mkono wa kulia ufanye zamu yake, na mkono wa kulia ulikuwa umelala kando ya paja. Aliimaliza hivyo mpaka mwisho, akabonyeza. Ikakataa.

Akarudia. Ikakataa. Akarudia mpaka mara saba, nikamshika mkono nikamzuia kwa sababu ya onyo lako. Pamoja na mbili nilizojaribu mimi mwezi wa tano, hizo ni tisa. Imebaki moja, na nimeizima na kuifunika kwa kitenge ili nisishawishike.

Alilia, Johnson. Sijawahi kumwona Tata akilia, hata Mama alipokufa alikwenda kulilia kibanjani. Lakini nilihesabu. Mkono wa kushoto ulibonyeza mara kumi na nane, na mahali ulipongoja napakumbuka, nimeweka alama kwenye karatasi hii nyuma. Wewe ni fundi. Hiyo si nusu ya kazi? Huwezi kuleta programu ya kutafuta iliyobaki?

Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu, na Mungu simwombi hivi mara nyingi.

Elieth


Nshambya, Bukoba
22 Julai 2024

Elieth,

Nimechelewa kujibu. Kazi zilinizidi.

Umesikia yaliyotokea Ijumaa? Kampuni moja ya usalama ilisambaza sasisho baya, na kompyuta mamilioni duniani zikageuka bluu na kugoma. Ndege hazikuruka, hospitali zikarudi kwenye kalamu. Hakuna aliyevamiwa. Walinzi wenyewe ndio waliofanya. Mimi nilisema miaka mingi, usimpe mtu mmoja ruhusa ya kuingia kila chumba kwa jina la ulinzi. Wateja watatu walinipigia kuniambia nilikuwa sahihi. Nilidhani ningefurahi.

Kuhusu alama zako: nafasi ulizoacha wazi ni nyingi mno. Mashine yangu ingehesabu mpaka sote tuwe wazee. Samahani.

Na nikuambie jambo kwa upole. Huenda unaweka matumaini mahali ambapo hayana faida. Hata kama Tata ameandika ukae na nyumba pamoja na upande wote wa mibuni mpaka kijito cha Kamugisha, unadhani ukoo utakubali? Watapinga dole gumba, watampinga mchungaji. Utakuwa umemchosha mgonjwa bure. Mwache apumzike.

Johnson


Ijumbi, Muleba
9 Agosti 2024

Kaka Johnson,

Tata hali chakula tangu Jumanne. Anakunywa maji kwa kijiko. Mchungaji anapita kila siku, na kila siku ananiuliza kwa macho, nami natikisa kichwa.

Nina swali moja. Mimi sijawahi kukuandikia habari ya mibuni wala kijito cha Kamugisha. Tata hakuniambia mpaka uko wapi, hakumwambia mchungaji, na tangu mwezi wa tano hasemi. Wewe umeutoa wapi?

Ildefons anaondoka sasa hivi. Nijibu kwa simu, kaka. Mara hii moja tu wacha wakusikilize wote wanaotaka.

Elieth


Nshambya, Bukoba
14 Oktoba 2024

Elieth,

Ulinipigia mara kumi na moja Agosti ile, na sikupokea. Ya kumi na mbili alipiga mchungaji, nikajua.

Tulipokutana msibani hukuniuliza tena, na mimi nikashukuru kwa kunyamaza kwako. Sasa nakujibu.

Ufunguo wa pili upo. Ile kompyuta inaruhusu funguo zaidi ya moja kwa mlango ule ule, na siku ile ile nilipomwambia Tata "hata mimi" nilikuwa nimekwisha kuweka wa kwangu. Nilijiambia ni kwa ajili ya matengenezo. Hicho ndicho wanachosema wote.

Krismasi ya mwaka juzi niliifungua, Tata akiwa kanisani, nikaona faili ya wosia. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nyumba kwako. Kibanja kwako, na mibuni mpaka kijito. Sikuendelea. Nilifunga, nikatoka nje, nikakuta unamenya ndizi za sikukuu na unaniimbia. Tangu niko darasa la tatu wazee wananiita musika, kwamba mimi ndiye nitakayeshika nyumba baada yake. Nina chumba cha kupanga, kibodi kumi na moja na sina mke. Jina hilo ndilo kitu pekee nilichokuwa nacho huko. Niliumia kiasi ambacho sikukijua, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu ningeulizwa nimejuaje.

Hakuna kujifuta baada ya mara kumi. Nilikudanganya. Tata angeweza kujaribu siku nzima. Zile alama zako nilizitazama mara moja tu kisha nikazitia kwenye droo, maana sikuzihitaji.

Kila wiki niliwaza, wiki ijayo nitakwenda. Sikutaka uikose. Nilitaka tu nisiwe mimi niliyefungua.

Halafu lile la ukoo. Walipokaa baada ya matanga wakaniuliza, wewe mtoto wa kwanza na fundi wa kompyuta ile, kuna wosia? Nilikuona umekaa mlangoni, umejifunga kanga ya kijani. Nikasema hakuna. Kisha, kwa aibu, nikasema hata mimi sitaki kibanja, baba mdogo akitunze. Nilidhani nisiponufaika nitakuwa sijaiba. Ona akili ya mtu anayejiita mtaalamu.

Ufunguo wangu uko kwenye karatasi ya pili. Fungua, chapa, peleka kwa wazee, peleka mahakamani. Nitakuja kusema ukweli mbele ya yeyote. Kama kuna msamaha, niandikie. Kama haupo, niandikie pia.

Johnson


Ijumbi, Muleba
20 Novemba 2024

Johnson,

Ilifunguka mara ya kwanza tu. Haikuchukua hata nusu sekunde.

Nilichapa kwa yule wa stationari ya Muleba, nikaenda na mchungaji kwa wazee. Baba mdogo alizipokea zile karatasi, akazigeuza, akawauliza wenzake wanakumbuka Pasaka. Wote wanakumbuka. Akasema, "Johnson mwenyewe alituonyesha kwamba kompyuta inaandika tarehe yoyote anayotaka mtu. Na Johnson mwenyewe aliapa hapa kwamba wosia hakuna. Sasa huyu ni Johnson yupi?" Hawakucheka. Wangecheka ningewachukia, lakini waliniangalia kwa huruma, na mzee mmoja akaniletea kiti.

Mahakamani karani alinisikiliza vizuri. Hakuna sahihi, hakuna dole, hakuna shahidi, na mtoto wa marehemu alitamka mbele ya kikao kwamba haupo, imo kwenye muhtasari. Akasema naweza kufungua kesi kama napenda. Alisema "kama napenda" bila ubaya. Hata ukija kusema ukweli wako, kaka, umeshatuambia kweli nyingi mno.

Baba mdogo ameshapanda milamula mipya ya mpaka, na haikupita mahali pa zamani. Makaburi ya Mama na Tata yapo upande wake. Amesema naweza kuja kupalilia nikitoa taarifa. Jumatatu navuka ziwa kwenda Bumbire. Lilian, yule wa shangazi, ana mgahawa pale mwaloni anapowapikia wavuvi, na anahitaji mtu wa kukaanga dagaa. Usiniletee chochote wala usije kuniaga.

Ulisema ulisoma ukurasa wa kwanza tu. Wakati ule labda ulikuwa mmoja. Sasa zipo mbili. Wa pili ni mfupi, nauandika hapa kwa mkono wangu kama ulivyo, maana umeandikiwa wewe kuliko mimi.

"Ijumbi, 6 Aprili 2024. Nyongeza. Johnson alitusimulia habari ya mlango wa nyuma. Baada ya yeye kuondoka nimekagua kompyuta yangu kwa amri aliyonifundisha mwenyewe, nikakuta funguo mbili. Mmoja ni wangu. Nimefikiri siku tatu. Sikuufuta wa pili. Kama amekwisha kusoma ukurasa wa kwanza, basi ameumia, na ni haki yake kuumia. Nikifa kabla sijasaini, au nikishindwa kusema, msimhangaikie mtu mwingine. Johnson atafungua na kumsomea dada yake. Namjua mwanangu."

Hata mimi, mpaka Agosti, ningeandika hivyo hivyo.

Elieth